Nyonga Isiyo ya Kelvin

Kila neno la sura hii ninayoisoma ni kweli tupu. Nimeapa mbele ya wazee kumi na wawili wa Banda la Wanaume la Nullabrin, karakana yetu ya wastaafu, mkono mmoja juu ya mashine ya randa, mwingine juu ya kopo la biskuti: nikikutwa na uongo hata mmoja, nitaosha vikombe vya chai vya banda hili mpaka siku ya kubebwa kwangu. Wamecheka, kwa sababu wananijua. Ni mimi niliyewaambia kwamba emu, yule ndege mrefu asiyeruka, alinipiga teke, nikavuka uzio wa nyaya sita nikatua nimesimama, na kwamba ndiyo maana mwendo wangu haujanyooka mpaka leo. Lakini hii si hadithi ya emu.

Noelene Trewin yupo pia. Alikuja kuchukua patasi za marehemu mumewe, Kelvin, nikamwomba akae asikilize. Amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Kwa miezi sita amekuwa akitafuta jina la mtu mmoja. Amemuuliza daktari, amemuuliza kasisi, amemuuliza hata muuza nyama. Sura hii italitoa.

Mpelelezi Leonie Zammit alifika Nullabrin Jumanne moja ya Februari, joto digrii arobaini na moja, mashamba yamebaki mabua matupu na nzi hawana pa kutua ila usoni kwa mtu. Alikuwa polisi kwa miaka kumi na minane, akachoka na maiti, akahamia kwenye kamati inayochunguza malalamiko ya utafiti wa hospitali. Huko, alivyosema mwenyewe, maiti huwa bado wanatembea.

Faili lake lilikuwa jembamba. Kelvin Trewin, mkulima wa ngano, miaka sitini na tisa, damu yake ilionyesha dalili mbaya za tezi dume, akaingizwa kwenye utafiti wa kulinganisha njia mbili za kupiga picha za MRI. Njia ndefu huchukua dakika arobaini, na katikati yake mgonjwa hudungwa sindano ya dawa inayofanya damu ing'are kwenye picha. Njia fupi haina sindano. Dakika kumi na tano, picha za umbo la tezi, picha za jinsi maji yanavyopenya ndani yake, basi, vaa suruali uende. Kura ilimwangukia Kelvin upande wa fupi. Machi aliambiwa yuko salama. Desemba, katikati ya mavuno, mgongo ulimkataa, na saratani ikakutwa imeshaingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Noelene akaandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, bila tusi hata moja.

Mwenyekiti wa kamati alimweleza Zammit kwa simu kwamba kama njia fupi ilipitwa na uvimbe mkubwa namna ile, lori lingeondoka Ijumaa. Lori ndilo lililobeba mashine. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya uwanja wa futiboli, na wanaume thelathini na wanane wa wilaya yetu walikuwa kwenye orodha. Likiondoka, wangerudia safari ya saa nne hadi Melbourne na foleni ya miezi. Tunajuana. Wengi wasingekwenda.

Zammit alianzia lorini. Fundi wa picha alikuwa Tavita Leota, Msamoa mpana aliyejaza nusu ya chumba. Akafungua daftari la kumbukumbu la tarehe kumi na nne Machi. Zammit akalisoma mara mbili.

"Hapa umeandika mgonjwa alisinzia."

"Alikoroma, mama. Mashine ile inagonga kama watu kumi wanavunja bati, yeye anakoroma. Nilimwamsha kwa kumshika mguu. Akaniuliza kama chai ipo."

"Na hii: chuma, nyonga ya kushoto, hakikuandikwa kwenye fomu."

Tavita akainua mabega. Alieleza kwamba fomu huuliza kila kitu, chuma, vyuma vya moyo, risasi, na wazee wa huku hujibu hapana kwa kila swali kwa sababu wameacha miwani garini. Wiki iliyotangulia mmoja alikuwa amesahau kwamba ana bamba la chuma kichwani. Chuma cha nyonga hakina hatari ndani ya mashine ile, kwa hiyo aliandika alichoona akaendelea na kazi.

"Ulimtambuaje kuwa ni Kelvin Trewin?"

"Kama kawaida. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya kadi ya matibabu. Alivitaja vyote kichwani, bila kadi. Nikamsifu."

Zammit aliandika neno moja kwenye kijitabu chake: chuma. Kisha akampigia daktari aliyeisoma picha ile, mtu wa Melbourne aitwaye Ruthven, mwenye sauti ya mtu aliyeamka na kesi kichwani. Ruthven hakujitetea sana. Alisema chuma huvuruga picha. Picha ya umbo huharibika kidogo, lakini ile ya maji, ambayo ndiyo roho ya njia fupi, hupinda kama kitu kinachotazamwa kupitia kitako cha glasi. Upande wote wa kushoto ulikuwa giza. Alichoweza kuona alikipa alama mbili kati ya tano, moja ikiwa salama na tano ikiwa balaa. Chini yake akaandika kwamba mgonjwa huyu angefaa kurudishwa kwa njia yenye dawa, maana dawa haisumbuliwi sana na chuma. Ofisi ya utafiti iliingiza ile mbili kwenye kompyuta. Maneno ya chini hayakuwa na kisanduku cha kuingizwa, yakabaki huko huko.

Hadi hapo Zammit alidhani kesi imekwisha. Kosa la chuma, kosa la ofisi, njia fupi kutumika kwa mtu isiyomfaa. Njia yenyewe haina hatia, lori linabaki. Aliwasha gari kwenda kwa Trewin ili kuthibitisha jambo dogo moja tu, kama polisi yeyote anavyothibitisha jina la barabara.

Kelvin alikuwa barazani, kitandani, mbwa chini ya kitanda. Alikuwa amekonda mpaka saa yake ya mkononi inazunguka.

"Bwana Trewin, nyonga yako ya kushoto ilifanyiwa upasuaji lini?"

Kelvin aliutazama mguu wake kana kwamba utajibu wenyewe. "Haijafanyiwa. Nilichotolewa mwilini ni kidole tumbo na meno."

"Una uhakika?"

"Mama, ni nyonga yangu. Naishi nayo."

Noelene alitoka jikoni na taulo mkononi, akauliza kuna nini na nyonga. Zammit akasema ni maswali ya kawaida, akaomba kunawa mikono. Alipofika bafuni alikuta pazia la maua mahali pa mlango. Bawaba zilikuwa bado kwenye fremu, zimeshika kutu. Aliporudi akauliza mlango uko wapi, kwa sauti ya mgeni anayetafuta mazungumzo.

Noelene akamwambia aliung'oa mwenyewe mwaka tisini na moja. Mwaka huo Kelvin alizama kwenye ghala la nafaka, ngano ikamfikia kidevuni, akakaa humo saa tatu mpaka mfanyakazi wa ghala alipomfukua kwa sufuria na mikono. Tangu siku hiyo hakuna mlango unaofungwa kwenye nyumba hiyo, na gari haendeshi ila vioo vyote viko chini, vumbi lije lisije.

"Na siku ya mashine?" Zammit akauliza. "Tundu lile ni jembamba."

"Alijikaza," alisema Noelene. "Mimi nilikuwa kwa dada yangu. Alinipigia simu, akasema imekwisha, ilikuwa rahisi, alifumba macho akahesabu kondoo. Niliporudi nilimwokea keki."

Kelvin alikuwa anamkuna mbwa. Hakuinua kichwa.

Zammit alimwomba Noelene ile picha ya eksirei ya mgongo na nyonga iliyopigwa Desemba. Akainyanyua kuelekea jua. Nyonga mbili, zote mfupa. Akafungua kompyuta yake, akaiweka picha ya Machi kando yake. Kulia mfupa, kushoto shimo jeusi lenye mng'aro pembeni, kama jua limepatwa. Mtu haoti chuma akakitoa tena ndani ya miezi tisa. Na mtu asiyeweza kujifungia chooni hakoromi ndani ya bomba.

Alingoja Noelene aingie ndani kuchemsha maji.

"Ni nani?" akauliza.

"Usiniulize hilo," alisema Kelvin. "Alinifanyia hisani."

"Hisani hiyo imekuua."

"Najua ilichofanya. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, mama. Mmoja tu. Ningeweza kuupandisha wa pili." Akarudi kumkuna mbwa. "Usimwambie Noelene kwamba sikuingia. Ile keki ilikuwa na jina langu juu."

Zammit hakuahidi. Alisema ripoti itasomwa na Noelene kama ilivyo, kwa sababu ni yeye aliyelalamika, lakini jina la mtu wa pili si lazima liwemo. Kelvin akafumba macho. Ndivyo alivyoshukuru.

Sasa alihitaji mtu mwenye chuma nyonga ya kushoto, anayelala kwenye kelele, mcheshi, mpenda chai, anayejua habari za Kelvin kwa kichwa. Kwenye mji wa watu mia nane, hiyo si orodha ndefu. Kesho yake saa nne asubuhi aliingia kwenye banda letu. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa bwawani navua samaki, lakini nilisimuliwa vizuri.

Wazee walikuwa nje wakibishana juu ya trela. Ndani alikuwemo mmoja tu, Clarrie Boag, ambaye baadaye alihamia Queensland kwa binti yake. Mashine ya randa ilikuwa inanguruma peke yake na Clarrie alikuwa amelala kando yake, kinywa wazi, kwenye kiti kilichoinuliwa kwa matofali mawili. Zammit aliyatazama matofali. Mama yake mwenyewe, baada ya kuwekewa chuma, alikatazwa viti vifupi. Akaizima mashine. Clarrie akaamshwa na ukimya.

"Unamfahamu Kelvin Trewin?"

"Tangu darasa la kwanza. Aliwahi kuniibia mkate wenye jemu, na bado namdai msamaha."

"Jina lake kamili?"

"Kelvin Arthur Trewin."

"Alizaliwa lini?"

"Tarehe tisa Agosti." Akautaja na mwaka.

"Anwani?"

"Barabara ya Bwawa la Chumvi, kisanduku cha barua cha saba."

"Namba ya kadi ya matibabu?"

"Tatu, nane, sifuri, mbili, tisa, sita, nne, saba, moja, moja."

Kinywa kilitangulia, akili ikafuata nyuma. Alipofika kwenye ile moja ya mwisho, Clarrie alikuwa ameshaelewa. Zammit alivuta kibao akakaa, uso wake chini ya wa Clarrie, maana kiti cha Clarrie kilikuwa juu.

"Mimi na mume wangu tuna miaka ishirini na sita ya ndoa," alisema. "Sijui namba yake hata tarakimu mbili."

Clarrie alisimulia bila kuulizwa tena. Kelvin alikuwa amefika mpaka kwenye ngazi, akageuka rangi ya majivu. Clarrie alimsindikiza tu siku hiyo. Akamwambia akae garini, yeye huwa analala popote. Walikariri namba pamoja kwa dakika tano, wakicheka, kama watoto wanaojiandaa kumdanganya mwalimu.

"Niliona ni kama kumshikia mtu foleni," alisema.

"Foleni ilikuwa ya tezi yake."

"Jibu lilipokuja safi, tukanywa bia. Nilimwambia, unaona, hakuna kitu." Akajifuta mdomo. "Sijui nilidhani ni jibu la nani. La wote wawili, nadhani."

Zammit alimgeuzia kompyuta ili aione ile picha. Akamwonyesha giza la kushoto kwa ncha ya kalamu. Akamwambia hiyo si tezi ya Kelvin, na wala si safi. Njia fupi haikuona safi, haikuona kabisa. Mtu mwenye chuma hicho anahitaji njia ya sindano, na anaihitaji mwezi huu, si mwaka ujao. Clarrie akaitikia kwa kichwa, kama wazee wa hapa wanavyoitikia, yaani akasahau papo hapo.

"Ripoti itakuita mtu wa pili," alisema Zammit akisimama. "Kelvin ameniomba, nami nimekubali. Lakini kwa Noelene utakwenda mwenyewe. Kelvin angali anapumua."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Wiki hii."

Alikuwa ameyasikia majibu kama hayo kwa miaka kumi na minane. Akaiwasha tena randa, ili amwache kama alivyomkuta, akatoka.

Lori liliondoka Ijumaa. Kamati ilikubali kwamba njia fupi haikupitwa na chochote kwa Kelvin Trewin, kwa kuwa haikuwahi kumwona. Lakini kama mmoja wa Nullabrin aliingia kwa jina la mwingine, ni nani angeapa kwamba wengine hawakufanya hivyo? Majibu ya wilaya yote yakatupwa. Zammit aliandika kurasa sita za kuwatetea wale thelathini na wanane. Alijibiwa kwa mstari mmoja wa kumshukuru. Kelvin alifariki Juni, barazani, katikati ya baridi, mlango uko wazi. Mtu wa pili hakuwa amekwenda.

*

Haya nayaongeza kwa penseli, kwa sababu hayakuwemo nilipoanza kusoma.

Nilipofunga daftari hakuna aliyepiga makofi. Stan Pobjoy, ambaye kwa kawaida hulala ukurasa wa pili, alikuwa macho.

"Bwawa lilikuwa limekauka Februari, Merv," alisema. "Ulivua nini, kokoto?"

Nikasema labda ilikuwa mtoni. Mwingine akauliza huyo Clarrie Boag alikuwa mwanachama mwaka gani, maana yeye ndiye mtunza daftari la wanachama tangu banda lijengwe, na hajawahi kuandika jina hilo. Nikafungua kinywa kumpeleka Queensland kwa mara ya pili. Kisha nikaona wote hawanitazami usoni. Walikuwa wanatazama kiti changu. Kiko juu ya matofali mawili.

Noelene alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa bado umeshikwa kwa mikono miwili.

"Ulipofika kwenye namba," alisema, "uliinua macho kutoka kwenye daftari. Zote kumi umezitaja ukinitazama mimi."

Nililivuta daftari karibu na kifua.

"Na ghala lilikuwa na mfanyakazi mmoja, Merv. Aliyemfukua Kelvin wangu kwenye ngano, nilimpikia pai kila Krismasi. Haitwi Clarrie."

"Nilitaka kuja, Noelene. Nilifika kwenye geti lenu mara nne."

"Nilikuona mara tatu. Nilidhani unamletea magazeti, ukaona aibu kwa sababu anaumwa." Sauti yake haikupanda. "Angekufa tu, najua, mgongo ulikuwa umekwisha. Lakini Februari mpaka Juni nililala pembeni ya mtu anayenificha jina, na sikujua ni la nani, na alikufa hivyo. Nilipopata ripoti nikamuuliza ni nani. Akageukia ukuta. Miezi minne hiyo ulikuwa unaweza kunirudishia wewe, kwa kutembea kutoka getini mpaka barazani."

Nikasema samahani. Lilikuwa neno dogo, lilianguka sakafuni pamoja na maranda.

"Ile ya sindano ulikwenda?"

"Bado."

"Bado," alirudia. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaandika kitu kwenye bahasha. "Jumanne nakupeleka Melbourne. Saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani. Sikupeleki kwa sababu nimekusamehe. Nakupeleka kwa sababu wewe, ukiachwa, utamtuma mtu mwingine."

Hapo mmoja alicheka, akaacha katikati.

Kisha Noelene akaenda kwenye rafu, akashusha vikombe vyote vya banda, kimoja kimoja, akavipanga kando ya sinki. Kumi na tisa. Akafungua bomba, akanitazama. Nilikuwa nimeapa, na mashahidi walikuwa kumi na wawili, wote wamefika umri wa kutosahau kitu kama hicho.

Nikakunja mikono ya shati. Wazee wakatoka nje kwenye trela, lakini sikuwasikia wakibishana. Niliosha kikombe cha Stan, niliosha changu, niliosha vile visivyo na mwenyewe. Cha Kelvin kilikuwa cha mwisho, cha buluu, kipini kimemeguka. Ndani kilikuwa na duara la chai iliyokauka, hakuna aliyekigusa tangu siku aliyokuja hapa kwa mara ya mwisho. Nilitia sabuni kwenye kitambaa.

"Hicho kiache," alisema Noelene.

Akakichukua mkononi mwangu, kikavu, akakifunga kwenye taulo pamoja na patasi, akaondoka. Mlango wa banda aliuacha wazi.